AFYA SI SIRI YA DAKTARI PEKE YAKE
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Kericho)

 

 Wengine walipoona jina letu katika orodha ya wasemaji walidhani tutasema habari ya mshahara. Mshahara una siku yake, nasi tutausema siku hiyo bila kuogopa. Leo twataka kusema habari ya mwili unaoupokea mshahara huo. Maana mshahara ukiongezwa, na mwenye kuupokea yuko kaburini, nani atausaini?

Neno letu ni hili: twaomba chama chetu kianzishe masomo ya afya ya bure, kila mwezi, mahali pa wazi, kwa lugha tunayoielewa, kwa mtu ye yote atakayekuja. Tutaeleza sababu, kisha tutaeleza njia, kisha mtaamua ninyi wenyewe.

HABARI YA MWENZETU

Ndugu, hatuanzi na vitabu. Twaanza na genge letu la njia ya reli.

Tulikuwa na mwenzetu mmoja, mtu wa nguvu, aliyeweza kubeba nyundo asubuhi mpaka jioni bila kulalamika. Jina lake hatulitaji, kwa heshima ya jamaa zake. Saa ya chakula sote tulikaa pamoja kando ya mataruma, kila mtu na ugali wake, na birika la chai likichemka juu ya mawe matatu. Siku moja tuliona kwamba anachovya ugali katika chai kabla ya kuumeza. Tukacheka. Baada ya mwezi aliacha nyama. Baada ya mwezi mwingine aliacha ugali, akawa mtu wa uji. Tukasema, "Tazameni, mzee amerudi utotoni." Akacheka pamoja nasi. Mshipi wake aliutoboa tundu jipya, halafu tundu la pili, nasi tukaendelea kumtania.

Hatukujua, wala yeye hakujua. Alikwenda kwa mwenye dawa za miti shamba, akapewa dawa ya koo. Alinunua vidonge dukani. Alipofika hospitali mwisho, alikuwa hawezi hata kumeza mate yake. Walimpitisha kamera ndogo kooni wakaona kansa ya umio, yaani ile njia inayopeleka chakula tumboni. Kukata hakukuwezekana tena, kwa kuwa ilikuwa imekwisha kuenea. Wakamtia kamrija ka waya ili njia ifunguke. Alirudi nyumbani akala ugali kwa wiki kadhaa, akafurahi sana. Kabla ya mvua kubwa kunyesha tulimzika.

Twasema mbele yenu bila kujificha: tulimcheka mtu aliyekuwa akifa. Hatukumcheka kwa ubaya, tulimcheka kwa kutojua. Na kutojua ndiko tunakotaka kukipiga vita.

MAMBO YALIYOKUWA YAKIJULIKANA

Jambo lililotuuma zaidi tulilisikia baadaye. Mwaka uliofuata baadhi yetu tulikwenda upande wa Bomet kwa shughuli ya harusi. Jumapili baada ya ibada muuguzi mmoja alisimama katika ukumbi wa kanisa akatoa mafunzo ya bure juu ya ugonjwa huu. Watu walikuwa wengi, wengine wamesimama madirishani. Yote aliyoyasema yalikuwa yamekwisha kujulikana miaka mingi kabla ya mwenzetu kuanza kuchovya ugali wake. Tutawapa machache.

La kwanza. Nchi yetu hii, Bomet na Kericho na majirani zao wa magharibi ya Bonde la Ufa, ni mahali ambapo kansa ya umio hupata watu wengi kuliko sehemu nyingi za dunia. Yako maeneo mengine kama hayo, huko Iran ya kaskazini na sehemu za Uchina. Katika hospitali ya misheni ya Tenwek, karibu na mji wa Bomet, madaktari wameona wagonjwa wa kansa hii hata wasiofika miaka 30. Kwa mataifa mengi huo ni ugonjwa wa wazee. Hospitali hiyo imetia mirija ya namna ile aliyotiwa mwenzetu kwa mamia kwa mamia ya watu, maana wengi hufika wakiwa wamechelewa.

La pili. Ugonjwa huu hauji kwa usiku mmoja. Ngozi ya ndani ya umio hubadilika polepole, miaka na miaka, na mtu haumwi. Mwaka 2016 madaktari wa Tenwek na wenzao walitangaza habari ya uchunguzi wao. Waliwapima kwa kamera watu 305 wa vijijini, watu wazima wasio na maumivu yo yote ya kumeza. Katika kila watu 100 walikuta karibu 14 wenye mabadiliko ya namna hiyo. Si kwamba hao wote watapata kansa, la. Lakini yaonyesha kwamba moshi huwa umekwisha anza kabla ya mtu kuona moto, na aliye na moshi aweza kusaidiwa kuliko yule ambaye nyumba yake imekwisha ungua.

La tatu, nalo latuhusu sisi tunaoishi kwa majani chai. Mwaka 2016 huo huo, wataalamu wa Shirika la Afya la Dunia wanaochunguza kansa walikutana, wakasema kwamba kunywa kitu cho chote chenye moto kupita digrii 65 yaelekea huleta kansa ya umio. Sikilizeni vizuri, ndugu, msije mkapeleka habari mbaya sokoni. Hawakusema chai ni mbaya. Chai yenyewe haina kosa, na mkate wetu twaupata humo. Ni moto wa chai wenye kosa. Maji matupu ya moto mkali yana hatari ile ile.

Tena tufikirini desturi zetu. Kwa Waingereza maji huchemshwa peke yake, kisha maziwa baridi humiminwa kikombeni, na chai hupoa papo hapo. Sisi twachemsha maji, maziwa, majani na sukari pamoja, twamimina ndani ya chupa ya kutunza moto, na mgeni akipewa chai iliyopoa huona amedharauliwa. Basi wengi wetu huinywa ikiwa moto sana.

Muuguzi yule alifungua chupa ya chai ya ukumbini, akamimina kikombe, akatia kipima joto, akamwita kijana mmoja asome namba kwa sauti. Kijana akasoma. Ukumbi ukanyamaza. Akasema, "Sasa tusubiri pamoja." Tukasubiri dakika chache, yeye akiendelea kufundisha, kisha kijana akasoma tena, na namba ilikuwa imeshuka chini ya 65. Ndipo akasema, "Hiyo ndiyo dawa yangu ya leo, haina bei." Akatuambia: ukiwa huna kipima joto, tumia midomo yako. Kama yakupasa kuvuta chai kwa mluzi pamoja na upepo ili usiungue, bado. Ulimi ukiungua hupiga kelele, lakini umio huungua kimya.

La nne. Moto wa chai si mkosaji wa pekee. Tumbaku imo, ya kuvuta na ya kunusa na ya kutafuna. Pombe imo, busaa na chang'aa na ile ya chupa. Moshi wa jikoni huchunguzwa. Hata maziwa yetu ya mursik yamechunguzwa, kwa kuwa katika kuchachuka hutoa asetaldehaidi, kitu kile kile kitokacho katika pombe mwilini. Juu ya mursik madaktari hawajakata shauri, nasi hatutakata shauri mbele yao. Lakini juu ya tumbaku na pombe shauri limekwisha katwa zamani.

La tano, ndilo la kuokoa mtu. Chakula kikianza kukwama, hata mara chache, hata kama ni nyama tu, nenda hospitali upesi. Usingoje ugali, usingoje uji. Muuguzi aliuliza, "Nani ana jirani anayekula kwa kuteremsha na maji?" Mikono ikainuka kushoto na kulia. Mzee mmoja hakuinua mkono kwa ajili ya jirani. Alisimama akasema, "Ni mimi." Tulisikia baadaye kwamba alipelekwa akapimwa. Haikuwa kansa, ilikuwa vidonda vya asidi itokayo tumboni, akapewa dawa akapona. Basi mzee huyo alikuwa amekaa na hofu miezi mingi, akijihesabu maiti, na dawa ilikuwako. Kutojua kwaua mgonjwa, tena kwamtesa hata asiyekuwa na ugonjwa huo.

Ndugu, tulitoka ukumbini tumeinamisha vichwa. Saa moja tu, bila malipo, ingemfikia mwenzetu mwaka mmoja mapema!

SI JAMBO JIPYA

Wako watakaosema, "Haya ni mambo ya wenye elimu. Mfanya kazi ataelewa nini?" Twawajibu kwa historia.

Mwaka 1973 jirani zetu wa Tanzania walifanya jambo kubwa lililoitwa Mtu ni Afya. Kwa wiki 12 redio ilitoa masomo ya afya kwa Kiswahili. Watu walikaa kwa vikundi vijijini na makazini, mmoja akiwa kiongozi, wakiwa na kijitabu mkononi. Walisikiliza redio, wakasoma, wakajadiliana, kisha wakaulizana: sisi wa hapa tutafanya nini kabla ya wiki ijayo? Walisoma habari ya malaria, kuhara damu, safura, kichocho na kifua kikuu. Watu wapatao milioni 2 waliingia vikundini, na vyoo vilichimbwa kwa mamia ya maelfu. Wengi wao walikuwa wakulima waliokuwa wamejifunza kusoma juzi tu. Hawakuhitaji Kiingereza wala shahada. Walihitaji kuambiwa kweli kwa lugha yao na kupewa nafasi ya kuuliza.

Tena tazameni habari ya malaria hapa kwetu. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, ikipita Londiani na Lumbwa, stesheni ambayo leo yaitwa Kipkelion. Reli ilileta kazi na biashara, lakini ilipeleka watu huku na huku, na ugonjwa husafiri bila tikiti. Watu wa juu walidhani baridi yawalinda. Miaka ya 1990 malaria ililipuka tena katika mashamba ya Kericho na kuwalaza watu wengi, kwa sababu mwili wa mtu wa milimani haukuzoea ugonjwa huo kama mwili wa mtu wa ziwani. Yule aliyejua alilala ndani ya chandarua, akamwahisha mtoto dispensari siku ile ile ya homa. Asiyejua alingoja asubuhi.

Liko na jambo la haki. Watu wa Kericho wametoa damu yao kwa ajili ya elimu ya dunia. Tangu mwaka 2003 wafanya kazi wa majani chai na jamaa zao, zaidi ya 2,000, walijitolea katika uchunguzi wa virusi vya UKIMWI uliofanywa hapa Kericho, wakapimwa na kuhojiwa mara kwa mara. Tunajivunia jambo hilo, wala hatulisemi kwa lawama. Lakini uchunguzi wa namna hii, po pote ulimwenguni, huandikwa kwa Kiingereza cha madaktari, katika vitabu ambavyo mchuma majani hatavifungua maishani mwake. Twasema, aliyetoa damu ana haki ya kuletewa majibu, kwa Kiswahili na kwa Kipsigis, akiwa amekaa kitini kama mtu.

NA FEDHA ZETU JE?

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mfuko wa zamani wa NHIF, ulioanzishwa mwaka 1966, umeondoka, tukaingia katika SHA. Kila mwenye mshahara hukatwa shilingi 2 na senti 75 katika kila shilingi 100 za mshahara wake wote. Twakatwa sote, hakuna asiyejua kukatwa. Lakini ni wangapi hapa wanaojua wanachostahili kupata? Sheria mpya ilitenga mfuko mwingine, ulipiwao na serikali, kwa ajili ya matibabu ya kwanza katika dispensari na vituo vya afya, ili mgonjwa aliyejiandikisha asilipe pale. Yuko mama anayekaa nyumbani na mtoto mwenye homa akingoja mwisho wa mwezi apate fedha, hali mlango wa dispensari uko wazi. Somo moja juu ya SHA lingeokoa fedha na watoto pia.

NJIA YENYEWE

Sasa, ndugu Mwenyekiti, twaleta shauri letu kwa vipengele.

Moja. Somo liwe mara moja kwa mwezi, Jumapili ya kwanza alasiri, katika ukumbi huu, ili asikatwe mtu siku ya kazi. Mwezi mmoja lifanyike hapa mjini, mwezi wa pili katika mashamba, mwezi wa tatu huko stesheni, ili asiachwe mtu kwa ajili ya nauli.

Mbili. Msemaji awe daktari, muuguzi, au afisa wa afya anayejulikana, atokaye hospitali ya serikali au ya misheni. Wahudumu wa afya wa vijijini, wale zaidi ya 100,000 waliopewa mikoba ya kazi na serikali mwaka 2023, waalikwe nao, maana ndio wanaojua milango ya nyumba zetu.

Tatu. Somo liwe kwa Kiswahili, na mkalimani awepo kwa ajili ya wazee. Msemaji asipite nusu saa. Nusu saa ya pili ni ya maswali. Katika elimu ya namna hii swali lina kazi kubwa kuliko hotuba, kwa kuwa mtu huficha ugonjwa wake ndani ya swali la jirani.

Nne. Mama zetu wapewe saa yao, na mwanamke awafundishe. Kansa ya mlango wa kizazi inaua wake zetu, na chanjo ya kuwakinga wasichana imetolewa bure nchini tangu Oktoba 2019. Wako akina baba wanaowakataza binti zao chanjo hiyo kwa maneno ya barabarani. Na akina baba nao wafundishwe habari ya presha, maana presha huua mtu aliyekuwa akicheka asubuhi. Kuipima ni kazi ya dakika mbili tu.

Tano, na hili twaomba liandikwe kwa wino mzito. Katika somo letu hakuna dawa itakayouzwa. Mmewaona watu wanaotembea na kipaza sauti na mashine yenye taa, wakitangaza kupima mwili wote bure. Ukikaa chini unaambiwa ini limeoza na figo zimechoka, kisha mkoba hufunguliwa chini ya meza, na chupa moja ni mshahara wa wiki mbili. Mafunzo ya bure ya namna hiyo ni mtego. Atakayefungua mkoba ukumbini mwetu tutamwonyesha mlango kwa adabu.

Sita. Kila genge na kila kambi ichague mtu mmoja mwenye kuandika, aje na daftari, aandike mambo matatu makubwa ya somo, akawasomee wenzake siku ya Jumatatu. Sisi tuliosoma shule ya misheni mpaka darasa la nane twaweza kazi hiyo. Hatukufundishwa udaktari, lakini kalamu tunaijua, na mtu mwenye kalamu asiyewasaidia wenzake ameinunua bure.

Fedha inayotakiwa ni kidogo: nauli ya msemaji, karatasi, na chai. Naam, chai itakuwapo, hatuwezi kukutana Kericho bila chai. Lakini itamiminwa mapema, ikae, kisha tuinywe.

MWISHO

Twajua kwamba maneno peke yake hayaponyi. Mtu aweza kufundishwa habari ya kamera ya koo, kumbe kamera iko mbali na nauli hana. Kwa hiyo chama kiendelee kudai hospitali zenye vyombo, na madaktari wa kutosha, na ruhusa ya kwenda kupimwa bila kukatwa siku. Masomo hayaondoi madai hayo, yanayatia nguvu. Mfanya kazi asiyejua ugonjwa wake hudai kwa kunung'unika. Anayejua hudai kwa kutaja jina la kitu anachotaka.

Siku hizi katika genge letu saa ya chakula imebadilika. Birika likishuka motoni tunamimina, tunaweka vikombe chini kwa mstari juu ya taruma, tunangoja. Vijana wageni huuliza kwa nini tunaitazama chai kama watu wanaosali. Ndipo tunawaeleza habari ya mwenzetu, tangu ugali wa kuchovya mpaka tundu la mshipi. Na tumewekeana sharti: ye yote atakayeonekana akiteremsha chakula kwa maji, hatachekwa. Atasindikizwa hospitali na wawili wetu siku ile ile, na wanaobaki watamfanyia kazi yake.

Tumechelewa kwa mmoja. Tunaomba mkutano huu uinue mikono ili tusichelewe kwa mwingine.

Umoja ni nguvu.